MASWALI YA WASOMAJI: Pesa zimegawiwa. Tutajuaje kama zimesaidia?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu pesa taslimu wanazopewa watu wenye shida: pesa za wazee, zaka za misikiti, misaada ya mashirika inayoingia kwa simu. Tumechagua saba. Zimejibiwa na wenzetu ambao kazi yao ni kutathmini miradi ya aina hii.

Swali: Sisi ni kamati ya msikiti mmoja hapa Kisauni. Mfadhili ametuwezesha kuzipa familia 60 shilingi 3,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa sharti kwamba mwisho wa mwaka tumwonyeshe kama pesa hizo zimesaidia. Familia tulizoorodhesha kuwa zinastahiki ni 110. Tumefikiria kuwahoji wale 60 mwanzo wa mradi na mwisho wake. Inatosha? – Katibu wa kamati, Kisauni

Haitoshi, ndugu katibu, na ni heri mmeuliza kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Kosa hili likishafanyika halitengenezeki tena.

Maisha ya watu hubadilika, pesa zije zisije. Anachotaka kujua mfadhili ni vipi maisha ya familia hizi yangekuwa lau hazikupewa kitu. Mkihoji Julai, kusi inavuma kwa nguvu, bahari imechafuka na madau mengi yamepandishwa ufuoni. Mkirudi Julai inayofuata upepo ni mwepesi, samaki wapo, hoteli zina wageni na vibarua vimefunguka. Familia itaonekana imeinuka nanyi mtaandika kuwa ni zile 3,000, kumbe ni upepo. Na huenda ikawa kinyume: unga ukipanda bei katikati ya mwaka, familia zitaonekana zimeshuka, ilhali bila msaada wenu zingezama kabisa.

Mnahitaji familia nyingine zinazopigwa na upepo huo huo na kununua unga huo huo, ila hazikupata pesa. Mnazo tayari, zile 50 zitakazobaki. Lakini zitafaa iwapo tu zimebaki kwa bahati. Mkichagua 60 zilizo hoi zaidi, zinazobaki zitakuwa na nafuu tangu siku ya kwanza, na hakuna hesabu ya baadaye itakayowatoa hapo kwa uhakika. Kwa hiyo pigeni kura ya bahati. Meksiko ilifanya hivyo mwaka 1997 ilipoanzisha Progresa, mpango wake wa kuzipa familia maskini pesa. Vijiji 506 viliingizwa kwenye kura, 320 vikaanza kupokea na 186 vikangoja kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Pesa hazikutosha kuanza kote kwa siku moja, basi kura ikapanga foleni. Nanyi mko hapo hapo: hamna za kutosha wote, na wote wana haki sawa. Kama zipo familia ambazo dhamiri haiwaruhusu kuziweka kwenye kura, mathalani mgonjwa wa kitandani asiye na mtu, zipeni nje ya kura na msizihesabu upande wowote.

Sasa utaratibu. Orodha ya 110 ikamilike na kufungwa kabla ya jambo jingine lolote. Mpango wa serikali ya Kenya wa kusaidia kaya zenye watoto mayatima ulianza kwa majaribio mwaka 2004, kaya kama 500 hivi za Kwale, Garissa na Nairobi. Ulipopanuliwa na kutathminiwa kuanzia 2007, maeneo yaligawanywa kwa kura, lakini kule kulikongoja kaya hazikuwa zimechaguliwa kwa utaratibu ule ule, ikabidi watathmini waige vigezo wenyewe. Makundi hayakulingana sawasawa tangu mwanzo, na hesabu ikawa ngumu kuliko ilivyopaswa kuwa.

Kisha hojini familia zote 110 kabla ya kura. Mkisubiri kura ipite, aliyeshinda atajibu akiogopa kunyang'anywa na aliyekosa atajibu akiwa na uchungu.

Halafu amueni mnapigia kura nini, familia au nyumba. Nyumba zetu za Kiswahili zina vyumba sita, ukumbi mmoja wa kupita na uani pamoja. Mama wa chumba cha pili akipata na wa chumba cha tatu akakosa, sahani ya wali itavuka mlango, na itavuka kwa haki kabisa, lakini tofauti mnayotaka kuipima itafifia. Afadhali kura iwe ya nyumba: familia zote zilizoorodheshwa humo zipate au zikose pamoja. Gharama yake ni kwamba familia za nyumba moja hufanana, kwa hiyo familia mbili za nyumba moja hazikupi taarifa mbili kamili. Kukiwa na wastani wa familia mbili kwa nyumba, na mfanano wa 0.2 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), mtahitaji familia 20 zaidi kwa kila 100 ili mpate uhakika ule ule. Tengeni pia nafasi mbili tatu za akiba, maana nyumba ya mwisho kuvutwa inaweza kuvusha idadi ya 60.

Kura yenyewe iwe barazani mchana kweupe: vikaratasi vya ukubwa mmoja, mtoto avute, orodha isainiwe na watu watatu na ipigwe picha papo hapo. Manung'uniko mengi husababishwa na kura iliyopigwa chumbani.

Lipo jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu: familia 110 zinatosha kuona nini? Tuchukulie mfano. Matumizi ya chakula ni 4,000 kwa mtu kwa mwezi, na mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho familia hutofautiana kwa kawaida, ni 2,000. Kwa kipimo kilichozoeleka (uhakika wa asilimia 95, na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti iliyopo), zidisha 2.8 kwa 2,000, kisha kwa kipeuo cha pili cha 1/60 kujumlisha 1/50. Jibu ni takriban shilingi 1,070 kwa mtu. Sasa tazameni msaada wenu: 3,000 kwa familia ya watu watano ni 600 kwa kila mtu. Hata wakizila pesa zote hadi senti ya mwisho, mna uwezekano mkubwa wa kutoiona tofauti, na mtaandika kuwa msaada haukufaa kitu wakati kipimo ndicho kilichokuwa butu. Kuiona 600 kwa hojaji moja tu ya mwisho kungehitaji familia kama 175 kila upande.

Hamna 175, lakini mna njia mbili. Ya kwanza ni kuhoji mara nne, kila baada ya miezi mitatu, badala ya mara moja mwishoni. Matumizi ya chakula hupanda na kushuka wiki kwa wiki, hivyo wastani wa mara nne, ukijumlishwa na ile hojaji ya kabla ya kura, hutuliza mtikisiko huo. Ikiwa majibu ya familia moja yanahusiana kwa 0.3, tofauti inayoonekana inashuka hadi karibu 670. Bado si 600, ila mmeikaribia. Ya pili ni kupima vitu ambavyo 3,000 inavigusa moja kwa moja: miezi ya kodi inayodaiwa, deni la dukani, siku ambazo jiko halikuwashwa, siku ambazo mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Chagueni vitatu, viandikeni, mpeni mfadhili karatasi hiyo kabla ya kuanza. Mkiuliza mambo 40 na kutafuta baadaye lililobadilika, kwa kipimo kile kile cha uhakika wa asilimia 95 mawili yataonekana yamebadilika kwa bahati tupu.

Hatari ya mwisho ni watu kupotea. Wapangaji wa Mombasa huhama, na aliyekosa pesa hana sababu ya kuwaaga. Mwisho wa mwaka mnaweza kuwapata 56 kati ya 60 na 38 tu kati ya 50. Wale 12 waliokosekana huenda ndio waliofukuzwa kwa kodi, na ulinganisho wenu umeshapinda. Chukueni nambari tatu za simu kwa kila familia siku ya kwanza: ya kwao, ya jirani, na ya jamaa wa mashambani. Kila hojaji wapeni pande zote mbili kitu sawa, kilo ya sukari au sabuni ya mche. Na mnapopiga hesabu, fuateni kura ilivyovutwa, hata kama watatu walioshinda hawakupokea kwa sababu laini ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Mkiwahamishia upande wa pili, mmeivunja kura yenyewe.

Swali: Hapa mtaani wanasema ukimpa maskini pesa mkononi zinaishia kwenye muguka na pombe. Utafiti unasemaje? – Msomaji, Likoni

Utafiti umelichunguza jambo hili mara nyingi, na jibu halijayumba. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakakuta kwamba kwa wastani matumizi ya pombe na tumbaku hayapandi. Penye mabadiliko, mara nyingi yanashuka. Hapa Kenya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia kaya za Rarieda zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly. Chakula, mifugo na mapaa ya mabati viliongezeka. Pombe na tumbaku havikuongezeka kwa kiwango kinachoonekana.

Pingamizi la haki ni kwamba nani atamwambia mhoji kuwa anakunywa? Ipo mbinu ya hilo. Wagawe wahojiwa mafungu mawili kwa kura. Fungu la kwanza lisomewe sentensi tatu zisizo na aibu (nimenunua vocha wiki hii, nimepanda matatu, nimenunua mkaa), na kila mtu ataje idadi tu ya zilizo kweli kwake, bila kusema ni zipi. Fungu la pili liongezewe ya nne: nimenunua muguka. Wastani wa fungu la kwanza ukiwa 1.6 na wa la pili 1.9, tofauti ni 0.3, yaani kama watu 30 katika 100 wamenunua, na hakuna hata mmoja aliyejitaja. Mbinu hii hudai mamia ya watu, kwa hiyo msiitumie kwenye mradi wa familia 60. Na muulizeni mnunuzi mwenyewe: mke hajui mumewe ametumia ngapi kijiweni, na mume naye hajui mengi.

Swali: Je, ni bora kuweka sharti kwamba mtoto aende shule ndipo mzazi alipwe? – Mwalimu, Changamwe

Inategemea unachokitafuta, mwalimu. Wilaya ya Zomba, Malawi, wasichana waligawanywa kwa kura: wengine walipewa pesa kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti. Sharti liliwabakiza wengi zaidi darasani. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wasio na sharti, kwa sababu binti aliyeacha shule aliendelea kupata pesa na hakulazimika kutafuta mume wa kumlisha. Penye uhaba wa madarasa na ukaguzi wa mahudhurio usioaminika, sisi tungelipa bila sharti. Sharti lisilokaguliwa ni karatasi tu, na sharti linalokaguliwa vibaya humkata aliye na shida zaidi.

Swali: Nimeajiriwa kuhoji kaya Jomvu na Mikindani kwa mradi wa pesa. Dodoso lina kurasa 22, watu wanachoka, na naona majibu mengine hayaingii akilini. Tufanye nini? – Mhoji, Mikindani

Kurasa 22 ni nyingi. Baada ya dakika 45 mtu anajibu ili uondoke, hasa akishagundua kwamba "hapana" inaruka maswali manane. Peleka yale muhimu mbele, na mambo ya mali (kitanda, simu, jiko la gesi) yaache mwisho, maana hayo hata aliyechoka hakosei.

Anza na neno lenyewe. Hapa Pwani ukisema "kaya" kwa Mmijikenda umetaja msitu wa wazee. Uliza nani wanakula chungu kimoja, na nani wamelala hapa angalau usiku nne katika wiki. Kisha uliza kwa makusudi kuhusu wasioonekana: mvuvi aliyekwenda dago (kambi ya wavuvi), binti aliyeko Saudia anayetuma pesa, kijana anayelala kazini. Hao wanaotuma ni muhimu kuliko dodoso lenu linavyodhani. Familia ikianza kupokea msaada, jamaa huweza kupunguza anachotuma, na 3,000 ya mradi ikawa kwa kweli ni 1,800. Usipouliza hilo, utalaumu pesa kwa kutofanya kazi ambayo hazikubaki kuifanya.

Chakula: madodoso mengi huuliza kilichonunuliwa na kupikwa nyumbani. Mombasa asubuhi ni mahamri na mbaazi za kununua, jioni viazi karai au chapati za barabarani. Ukiacha kuuliza chakula kilichopikwa nje, umeacha sehemu kubwa ya mlo wa mpangaji, na mbaya zaidi, anayepata pesa huweza kuhama kutoka cha kununua kwenda cha kupika, ikaonekana kana kwamba ameanza kula sana ghafla.

Vipimo navyo. Watu hawanunui kwa kilo. Wananunua mafuta ya kupima, unga wa kupima, mkebe wa makaa, fungu la nyanya, mtungi wa maji wa lita 20. Kabla ya kazi kuanza, nendeni maduka matatu ya kila mtaa, nunueni vipimo hivyo, vipimeni kwenye mizani, na kila mhoji awe na jedwali lake. Mkebe wa mtaa wa Bangladesh na mkebe wa mtaa wa Magongo huenda visilingane, na tofauti hiyo ikiingia kwenye hesabu itajifanya umaskini.

Muda wa kukumbuka: chakula, siku 7 zilizopita. Ukiuliza siku 30 utapata takwimu ndogo kuliko ukweli, kwa kuwa kinacholiwa husahaulika. Kodi, tokeni za umeme na vocha, mwezi uliopita. Karo, sare, mazishi na harusi, mwaka mzima. Ramadhani msihoji matumizi ya chakula kabisa, isipokuwa mnahoji pande zote mbili siku zile zile.

Na penye rekodi, tazama rekodi. Kule Zomba, tuliyoitaja kwenye jibu lililotangulia, wasichana walipoulizwa wenyewe, sharti halikuonekana kuongeza chochote shuleni. Walimu walipoulizwa, tofauti ikajitokeza wazi: wasio na sharti walikuwa wamejisifu kidogo. Kitabu cha mahudhurio, kadi ya kliniki ya mtoto, daftari la deni la mwenye duka (kwa ruhusa ya mdeni) vina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Mwishowe, kila wiki mhoji mwingine arudi kwenye kaya moja kati ya kumi na kuuliza maswali matano yasiyobadilika, mathalani idadi ya watoto, aina ya paa, kiasi cha kodi. Majibu yakigongana, tafuta sababu siku hiyo hiyo, si baada ya miezi minne.

Swali: Naandika tasnifu kuhusu pesa za wazee za Inua Jamii, mpango wa serikali. Hakuna kura iliyopigwa. Kila aliyefika miaka 70 anastahiki. Nawezaje kupima athari? – Mwanafunzi wa chuo kikuu, Mvita

Umri wenyewe ndio utakuwa kura yako. Mzee wa miaka 69 na wa miaka 71 hawatofautiani sana kwa afya, kwa elimu wala kwa idadi ya wajukuu, ila mmoja anastahiki shilingi 2,000 kwa mwezi na mwenziwe hastahiki. Chora mchoro: umri kwa miezi kwenye mstari wa chini, na unachokipima (milo kwa siku, gharama za dawa) kwenye mstari wa wima. Penye 70, tazama kama mstari unaruka. Usichukue wenye miaka 60 na wenye miaka 80 ukawalinganisha, maana hapo unapima uzee.

Kuna mitego miwili. Wazee wengi walikadiriwa mwaka wa kuzaliwa walipochukua kitambulisho, kwa hiyo miaka inayoishia na 0 au 5 hujaa kupita kiasi, na tarehe 1 Januari pia. Hesabu watu wa kila mwaka kabla ya jambo lolote. Ukiona rundo mwaka mmoja, jaribu hesabu yako na rundo hilo, kisha bila hilo. Mtego wa pili ni kwamba kustahiki si kupokea. Aliyetimiza 70 baada ya usajili kufungwa hungoja, mwingine hana akaunti ya benki, mwingine alama za vidole hazisomeki. Tuseme kati ya wenye miaka 68 hadi 69 wanaopokea ni asilimia 4, na kati ya wenye miaka 70 hadi 71 ni asilimia 64. Ukikuta matumizi ya dawa yameruka kwa shilingi 300, athari kwa anayepokea si 300. Gawanya 300 kwa 0.60, upate 500.

Andika pia tarehe pesa zilipoingia. Malipo yakichelewa na kuja kwa mkupuo, mzee hupokea rundo baada ya ukame. Huko Rarieda waliolipwa kila mwezi walikula vizuri zaidi, na waliolipwa kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Kwa hiyo ukihoji wiki moja baada ya malipo utaona jambo moja, na ukihoji wiki ya saba utaona jingine. Na 2,000 ya leo hainunui ilichonunua miaka kumi iliyopita. Ibadilishe kuwa kilo za unga kwa bei ya kila mwaka, ndipo uilinganishe.

Swali: Pesa nyingi zikimwagwa mtaani, bei haipandi tukaumia sisi tusiopewa? – Mfanyabiashara, Kongowea

Swali lako ni zito na jibu lake ni la mahali. Siaya, kati ya 2014 na 2017, zaidi ya kaya 10,500 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Vijiji 653 viliingia kwenye kura, na maeneo mengine yakapewa kwa wingi zaidi kwa makusudi ili athari kwa majirani ionekane. Bei zilipanda kwa asilimia 0.1 hivi tu, na kila dola iliyoingia ilizunguka ikaleta karibu 2.5 katika uchumi wa pale: maduka yaliuza zaidi na mapato ya wasiopewa nayo yakaongezeka. Ufilipino ilikuwa kinyume. Katika vijiji vya mbali ambako wengi walipokea, mayai na vyakula vingine vyenye protini vilipanda bei, na watoto wa familia zisizopokea wakadumaa zaidi.

Tofauti ni bidhaa kufika au kutofika. Kongowea hupokea malori kila usiku. Vitunguu vikipanda leo, kesho Tanzania wanaleta. Kwa chakula hatuna hofu kubwa. Hofu yetu ni kodi. Vyumba haviletwi kwa lori, na mwenye nyumba akijua wapangaji wake sita wanaingiziwa pesa kila tarehe 5, ataongeza 500. Mradi wowote wa mjini ambao haupimi kodi ya waliopata na ya majirani waliokosa haujamaliza kazi. Hojaji ya vyumba 100 kila miezi mitatu, maswali mawili tu, inatosha kuanza.

Swali: Tangu mwaka jana wananijia na tableti kunihoji saa nzima. Jirani wa nyumba ya pili analipwa, mimi naulizwa tu nimekula nini. Je, naweza kukataa, na majina yangu yanapelekwa wapi? – Mama wa watoto wanne, Owino Uhuru

Unaweza kukataa, mama, wakati wowote, hata katikati ya mahojiano, na hata swali moja moja. Kukataa hakukuondolei msaada mwingine wowote. Mhoji akikutisha hivyo, amevunja miiko ya kazi yake.

Akija tena, mwombe mambo matatu. Barua ya idhini kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, kwani utafiti nchini huhitaji leseni hiyo. Karatasi ya ridhaa yenye nambari ya simu ya msimamizi, ambayo nakala yake inabaki kwako. Na maelezo ya yanakokwenda majina yako: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwa vipi, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Katika mradi uliopangwa vizuri, jina na simu hutenganishwa na majibu na kufungiwa mahali pengine. Usiporidhika, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kama waliamua kwa kura, jirani hakupata kwa kujuana, na majibu yako yana uzito ule ule wa majibu yake, kwa sababu bila ya kwako hakuna atakayejua kama pesa zake zimefanya chochote. Ndiyo maana saa yako inafaa kulipwa kwa sabuni au sukari, sawa na anavyopewa yeye siku ya kuhojiwa. Waulize pia kama waliokosa watapewa zamu baadaye. Miradi mingine hupanga hivyo, mingine haikupanga kabisa. Wakisema ndiyo, mwambie mhoji aandike mwezi na mwaka kwenye nakala yako ya ridhaa, aweke sahihi, nawe uipige picha kabla hajaondoka.